Nukta Iliyovunja Eda

"Mama Saida, hivi eda yenu ikishafika katikati, mtu huwa anaruhusiwa kutembea kidogo?"

Jirani yake Eufrazia aliuliza hivyo asubuhi moja, amesimama kwenye kizingiti cha mlango wa uani na fungu la mchicha mkononi. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. Bi Ashatu alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele. Hakuinua uso mara moja. Aliokota chuya, akazitupa, ndipo akamtazama.

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza nijue tu. Sisi kwetu mfiwa akishaondoa tanga anakwenda misa na sokoni kama kawaida."

"Sisi tunakaa ndani miezi minne na siku kumi, mpaka ziishe. Si wewe ndiye unayeninunulia mchicha?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana nauliza." Eufrazia akaingia, akauweka mchicha kwenye ungo, akachuchumaa. "Kwenye mashine ya kusaga wanasema umeonekana Mbegani."

"Kaniona nani?"

"Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Hakuna aliyekuona kwa macho. Wanasema umeonekana kwenye simu."

Bi Ashatu akaushika ungo kwa mikono miwili. Toka mumewe Bwanausi alipozikwa hajavuka mlango wa nyumba ile pale Kaole, si kwa harusi wala kwa msiba. Manukato kayaacha, wanja kauacha, nguo zake ni kanga nyeupe mbili anazozifua kwa zamu. Dada mmoja alipojifungua nyumba ya tatu, yeye alipeleka salamu na uji kwa mkono wa mtu. Alikuwa amekusudia kumwekea mumewe eda isiyo na doa, kwa sababu Bwanausi alikuwa mtu mwema kwake, na kwa sababu Mungu ndiye aliyeamrisha. Na sasa ameonekana Mbegani. Kwenye simu.

"Simu ya nani?" akauliza.

"Wanasema ya shemeji yako. Wa Msata."

Hapo Bi Ashatu akakigusa kidude kilichoning'inia shingoni mwake.

Kidude chenyewe kilikuwa cheusi, ukubwa wake kama kiberiti, kina kamba, na katikati kina kitufe chekundu. Alikileta binti yake Saida kutoka Dar, wiki ya pili baada ya mazishi. Bi Ashatu ana presha, na siku za msiba alianguka bafuni akalala pale sakafuni mpaka watu wakamkosa. Saida akaapa halitajirudia. "Hii ni GPS, mama. Kama zile za kwenye magari, ila hii ni ya mtu. Ukianguka, ukiingiliwa na mwizi, bonyeza hapo tu. Simu yangu italia, na simu ya baba mkubwa italia. Na hata usipobonyeza, tukifungua ramani tunakuona ulipo. Wewe ni nukta ya buluu."

"Ulipo wapi, nami sitoki?"

"Basi tutakuona haupo popote pengine," Saida akasema, wakacheka. Ndiyo mara ya kwanza walicheka tangu msiba.

Baba mkubwa ndiye Mikdad, kaka mkubwa wa marehemu, fundi wa matairi pale njia panda ya Msata. Saida alimwekea ramani ile simuni kwa nia njema, kwamba mwanamume mmoja wa ukoo awe na habari. Mikdad naye akaipokea kazi ile kwa moyo wote. Asubuhi anafungua ramani kabla ya chai. Mchana anafungua tena, mikono ina mafuta. Na alipoona nukta ya buluu imetoka Kaole imekwenda kukaa vichakani upande wa Mbegani, hakumpigia Ashatu wala Saida. Alimpigia dada yake Sabiha, anayekaa Bagamoyo mjini. Na Sabiha, Mungu amsamehe, ana mdomo usiojua kulala na neno.

Jioni ile Saida alipopiga simu kama desturi yake, Bi Ashatu aliitikia shikamoo, akauliza hali za wajukuu, kisha akasema:

"Saida, mimi leo nimeshinda wapi?"

Binti akaanza kumwita mtoto aje amsalimie bibi.

"Nakuuliza."

"Asubuhi ulikuwa nyumbani, mama."

"Na mchana?"

"Mama, mimi sikutaka kusema. Nilidhani labda umepelekwa hospitali, hutaki kunitia hofu. Nikadhani labda kuna haja. Mchana ulikuwa Mbegani."

"Unaniona huko siku nyingi?"

"Siku nyingi."

"Na hukuniuliza?"

"Nitakuulizaje jambo kama hilo, mama?"

Bi Ashatu hakuwa mwepesi wa kukasirika. Alikaa na simu sikioni, akasikia kelele za magari ya huko kwa Saida, akajiona kama mtu aliyeambiwa jina lake si lake. Mwanawe mwenyewe, aliyemzaa na kumnyonyesha, alikuwa amemsitiri kwa kosa asilolifanya.

Kesho yake Mikdad mwenyewe akampigia simu.

"Shemeji, Mbegani kuna nini?"

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mbegani kuna nini?"

"Mimi sijui. Sijafika huko tangu marehemu alipoacha kazi ya upishi chuoni."

"Kibwana yuko Mbegani," Mikdad akasema.

Damu ikampanda Bi Ashatu usoni. Kibwana ni mgane mwenye shamba la minazi huko, naye zamani, kabla Bwanausi hajapeleka posa, alikuwa ametuma watu kwa wazazi wa Ashatu. Tangu hapo huyu kaoa, huyu kaolewa, wote wamezaa na kuzeeka. Mwanamke aliye katika eda hachumbiwi hata kwa kidokezo, sembuse yeye kumfuata mwanamume kichakani mchana kweupe.

"Shemeji, muogope Mungu. Mimi nipo ndani."

"Kifaa kinasema haupo."

"Kifaa kina macho?"

"Kina setilaiti. Malori yote yanayopita hapa yamefungwa kitu hichohicho. Tajiri yuko Dar amekaa kwenye kiti, anajua dereva wake kasimama kuchimba dawa kichaka gani. Nimeona watu wanafukuzwa kazi hapahapa mbele yangu, wanaapa kama unavyotaka kuapa wewe. Sikiliza. Ijumaa baada ya sala nakuja na Sabiha. Funga nguo zako. Eda utamalizia Msata, nyumbani kwangu, tukuone kwa macho."

"Mjane hukaa eda katika nyumba aliyoachwa na mumewe. Ukinitoa humu, wewe ndiye utakayekuwa umeivunja."

"Imeshavunjika," Mikdad akasema, akakata.

Kuanzia siku ile Bi Ashatu alifanya alichoona kinamfaa mtu mwenye kusingiziwa. Alijificha zaidi. Hata uani, ambako hakuna aliyemkataza, akaacha kukaa. Nyumba ile ilikuwa ya baba mkwe wake, ya kizamani, kuta zake nene za mawe ya matumbawe na chokaa, juu mabati. Chumba cha ndani kabisa hakina dirisha, na marehemu alikuwa akikitumia kuwekea nazi. Akahamishia mkeka wake humo, na msahafu na tasbihi, na kile kidude shingoni ili wamwone vizuri kwamba yupo. Eufrazia akimletea chakula alimkuta gizani.

"Mama Saida, umekuwa kama mhogo uliofukiwa."

"Waache wanione nimetulia."

"Mimi nakuona. Nikawaambie?"

"Ukawaambie wapi, mwanangu? Watasema shahidi wangu anakwenda misa."

Eufrazia akacheka kidogo. "Basi nitawaambia Jumapili, padri akiwa anasikia."

Siku mbili zikapita hivyo. Saida akapiga, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia.

"Mama, wiki hii imezidi. Zamani ulikuwa unakwenda na kurudi. Sasa umehamia kabisa."

"Nimehamia wapi?"

"Hukohuko, mama. Hurudi nyumbani hata kwa chai."

Sasa Bi Ashatu akaingiwa na hofu ya aina nyingine. Watu wasipokuamini unaweza kuvumilia. Kazi ni pale wewe mwenyewe unapoanza kujiangalia kwa jicho la pembeni. Alizijua hadithi za majini wanaochukua sura ya mtu wakatembea nayo. Alikumbuka pia vile vidonge vya presha, akivinywa baada ya adhuhuri anasinzia usingizi mzito kama gogo. Na Bwanausi alikuwa akimtania kwamba akilala anazungumza. Mtu anayezungumza usingizini, atashindwa kutembea? Akayatazama malapa yake mlangoni. Yalikuwa na vumbi, lakini ni vumbi la lini?

Hakumwambia mtu. Alichukua uzi mweusi wa cherehani, akaufunga kwenye komeo la mlango, akauvuta mpaka kwenye msumari wa ukutani, kiasi kwamba hata paka akipita utakatika. Akanywa vidonge vyake, akasoma Ayatul Kursiy, akalala. Alipoamka aliutazama uzi kabla ya kukaa vizuri. Ulikuwa palepale, umenyooka. Akaugusa kwa kidole, ukatetema. Ndipo akamtafuta binti yake kwenye simu.

"Saida, mchana huu niliokuwa nimelala, nilikuwa wapi?"

"Mama, tuyaache."

"Sema."

"Mbegani."

"Alhamdulillahi," Bi Ashatu akasema.

"Alhamdulillahi ya nini, mama?"

"Basi si mimi. Kumbe ni hiki."

Maana uzi haukuwa na sababu ya kumpendelea. Akakaa akafikiri taratibu, kama anavyochambua mchele. Zamani asubuhi yupo nyumbani, mchana yupo Mbegani. Zamani asubuhi alikuwa anakaa wapi? Uani, na ungo wake, mpaka jua linapochoma. Jua likichoma anaingia ndani. Sasa hivi haendi uani kabisa, na nukta nayo hairudi kabisa. Akainuka, akaukata uzi, akafungua mlango, akatoka uani. Mwanga ukamuumiza macho.

"Saida, usikate. Fungua hiyo ramani yako. Niko wapi?"

"Bado inazunguka, mama... Subiri. Inasema... Mama, umefikaje nyumbani?"

"Nimefika kwa miguu. Subiri tena." Akarudi chumbani, akafunga mlango, akakaa mkekani. Walingoja wote wawili, mama anasoma uradi, binti anapumua kwenye simu.

"Sasa?"

"Uko Mbegani," Saida akasema, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Mama, mimi sielewi."

"Hata mimi sielewi. Nikiingia, kinatoka. Nikitoka, kinarudi. Muulize aliyekuuzia."

Jibu lilikuja wakati wa magharibi. Muuzaji alisema kifaa hakina kosa. Kinatazama juu, kinaongea na setilaiti. Kikifunikwa na ukuta mnene na bati, hakiioni mbingu, basi kinauliza mnara wa simu kilioushika, na kinajibu kuwa kipo upande wa mnara ule. Na mnara wenyewe uko njia ya Mbegani, vichakani.

"Kwa hiyo nikijificha ndiyo naonekana nimetoka," Bi Ashatu akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mwanamke anayezurura kutwa barabarani?"

"Huyo kinamwona vizuri."

Bi Ashatu akalirudia jambo lile kichwani, akaona halikai. Mlinzi gani huyu anayekuona pale tu usipohitaji ulinzi? Na bafuni alikoanguka, si kuna bati? Lakini hakumwambia Saida hilo, maana mtoto alikuwa analia. "Nilitaka ulindwe, mama."

"Najua. Mpigie baba yako mkubwa umweleze."

Saida akampigia. Mikdad akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mnara nao una wivu, na kama malori yana bati au hayana. Ijumaa ikabaki Ijumaa.

Walifika baada ya sala kama alivyosema. Bi Ashatu alisikia pikipiki mbili zinazima mlangoni, akavuta pazia linalotenga kile chumba na sebule, kwa sababu shemeji si maharimu, si ndugu wa damu asiyeweza kumwoa, na yeye yumo edani. Mikdad akaketi kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa. Chini ya pazia Bi Ashatu aliiona miguu yake, kucha moja nyeusi iliyowahi kuangukiwa na jeki.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umefunga nguo?"

"Sikufunga."

"Sabiha, ingia umfungie."

Sabiha akapita pazia, akamkuta wifi yake gizani, amekonda, kanga nyeupe imepauka. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari, lakini yalipungua njiani. Akatandika kanga moja chini na kuanza kuweka vitu, polepole, akimwepa macho. Sabuni. Kitana. Chupa ya vidonge.

"Wifi, ndiyo humu unamolala?" akanong'ona.

"Ndiyo humu nimo kutwa."

"Na joto hili?"

"Msiongee pembeni," Mikdad akasema kutoka sebuleni. "Shemeji, mimi si mtu mbaya. Nakupa njia. Shika msahafu, uape hujatoka humu, nami nitarudi Msata."

Bi Ashatu akautazama msahafu wake, uliokuwa juu ya kimto. Ilikuwa njia rahisi. Hakuwa na la kuogopa, na kiapo chake kingekuwa cha kweli. Lakini aliona aibu kubwa, kana kwamba anaambiwa amwite Mungu aje ashindane na kitu kinachochajiwa ukutani.

"Siapi, shemeji. Mungu anajua nilipo bila mnara. Sitamtia kwenye mambo ya betri."

"Anayekataa kuapa ana lake jambo."

"Simu yako unayo?"

"Ninayo."

"Nakuomba uifungue. Unitazame sasa hivi niko wapi."

Kiti kikalia. Sabiha akaacha kufunga.

"Inasemaje, kaka?" akauliza.

"Inazunguka."

"Na sasa?"

Mikdad akaisogeza simu karibu na macho. "Mbegani."

"Na sauti hii unayoisikia, shemeji," Bi Ashatu akasema, "unaisikia inatoka wapi?"

"Kaka, mimi nimemshika mkono hapa," Sabiha akasema, na kweli alikuwa amemshika.

"Wewe upo, sikatai kwamba upo," Mikdad akasema. Sauti yake ilikuwa imepoteza njia kidogo, kisha akaipata nyingine, akaifuata kwa haraka. "Kidude ndicho hakipo. Kidude kiko Mbegani. Umekisahau kwa mtu. Sasa kimekushtaki. Au ninakosea?"

Sabiha akaachia mkono. Hata yeye jambo lile lilimwingia, likaonekana lina akili. Akamtazama wifi yake shingoni, lakini kanga ilikuwa imefunika.

Bi Ashatu aliingiza mkono kifuani, akaivua ile kamba, akainama, akakisukuma kidude chini ya pazia mpaka kikagonga ile kucha nyeusi. Mikdad akainama, akakiokota. Alikijua, maana Saida alimwonyesha kabla hajakileta; kilikuwa na alama ya rangi ya kucha aliyokipaka mjukuu.

Akakishika mkono mmoja, simu mkono wa pili. Akabonyeza upya.

Watu watatu wakangoja. Nje mtoto wa Eufrazia alikuwa akiimba, na jogoo wa mtu anaparua majani makavu. Bi Ashatu aliona miguu ya shemeji yake imekusanyika pamoja, kama ya mtu anayengoja kuitwa ofisini. Hakuhisi ushindi. Hata yeye hakuwa na hakika na kidude kile. Kilikuwa kimeshamfanyia visa vingi, na huenda sasa, kwa ukaidi tu, kikaamua kusema Kaole.

"Shemeji," akasema, na aliuliza kwa nia safi ya kutaka kujua, "wewe sasa kinasema uko wapi?"

Mikdad akabonyeza tena.

Sabiha hakuweza kuvumilia. Akafunua pazia kwa ukingo, akatoa kichwa, akaitazama simu juu ya bega la kaka yake, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia kwa upande wa mtandio.

"Ee kaka yangu. Nawe uko Mbegani. Umemfuata Kibwana?"

Mikdad akakiweka kidude juu ya mkono wa kiti, taratibu, kama yai. Simu akaitia mfukoni. Akavaa kofia yake, akatafuta viatu vyake kwa miguu bila kuangalia chini, akatoka.